Kuhamisha tovuti ya mteja kwenda seva mpya bila kuizima: mwongozo kamili

Mafundi wengi wa Lubumbashi wanaotunza tovuti za wateja wamenieleza mkasa uleule kwa maneno tofauti: walilipia seva mpya, wakapakia mafaili, wakabadilisha anwani ya domeini jioni, na asubuhi simu ikaanza kulia. Aliyenipigia mimi alikuwa mama mmoja mwenye duka la vitenge, na maneno yake bado ninayo kichwani: «Mwanangu, tangu asubui hakuna ata komande moja yenye imeingia, njo nini?»

Tovuti yake ilikuwa inafunguka vizuri. Oda nazo zilikuwa zinaingia, ila kwenye seva ya zamani, kwa sababu mitandao ya wanunuzi wake ilikuwa bado inakumbuka anwani ya zamani. Yeye alikuwa anatazama dashibodi na sanduku la barua la seva mpya, na vyote viwili vilikuwa vitupu. Ilinichukua siku mbili kuzitoa oda hizo upande mmoja na kuzirudisha upande wa pili, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: kwa muda fulani seva mbili zitakuwa hai pamoja, na katika muda huo ni seva moja tu inayoruhusiwa kuandika. Mpangilio wa hatua zote zilizo hapa chini unatokana na kanuni hiyo, na anayeruka hatua kwa kawaida huangukia palepale nilipoangukia mimi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruhusa ya kuingia mahali patatu, ambapo watu wengi hupachanganya: kwa msajili wa domeini (kampuni ulikosajili jina la tovuti), mahali rekodi za DNS (orodha inayolinganisha jina la tovuti na anwani za seva zake) zinapotunzwa, na kwenye seva ya zamani. Mara nyingine pote patatu ni kampuni moja, lakini usidhani hivyo, hakikisha.
- Seva mpya yenye toleo la PHP na la hifadhidata ambalo tovuti inaliweza, pamoja na nafasi ya diski isiyopungua mara mbili ya ukubwa wa tovuti, kwa kuwa nakala ya akiba nayo itahitaji pa kukaa.
- Ruhusa ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva na kuipa amri ukiwa mbali) kwenye seva zote mbili. Bila SSH kazi bado inawezekana, ila inakuwa ndefu zaidi.
- Njia mbili za intaneti zisizotegemeana, kwa mfano laini za kampuni mbili tofauti za simu, na betri inayoweza kuwasha ruta kwa saa tatu au nne.
- Daftari au jedwali lenye mstari mmoja kwa kila tovuti: domeini, anwani ya IP ya zamani, anwani mpya, mahali barua pepe zinapokaa, na tarehe ya kuhama.
- Kibali cha mteja kwa maandishi, kinachotaja usiku wa kazi na saa zake.

Ukiwa na wateja kumi au ishirini, usiwahamishe wote usiku mmoja. Anza na tovuti yako mwenyewe, kisha tovuti ya kurasa chache isiyo na duka, na duka la mtandaoni liwe la mwisho, wakati mkono umeshazoea.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya DNS

Ingia kwenye paneli ya DNS na unakili kila rekodi kama ilivyo: A (anwani ya IP ya tovuti), AAAA, CNAME, MX, TXT na nyinginezo. Usitegemee kuuliza kutoka nje kwa amri ya dig peke yake, kwa sababu amri hiyo hujibu jina uliloliuliza tu. Jina dogo ambalo hukulijua, kama vile la mfumo wa fakture (ankara) unaotumiwa na mhasibu peke yake, litabaki limefichika hadi mhasibu huyo apige simu.

Rekodi mbili zinataka jicho kali. Ya kwanza ni AAAA, yaani anwani ya IPv6. Ukibadilisha A na kuisahau AAAA, wageni wenye IPv6 wataendelea kwenda kwenye seva ya zamani, na wewe usiye na IPv6 utaapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Ya pili ni MX, inayotaja seva inayopokea barua pepe za domeini. Tazama inaelekeza wapi. Katika hostingi nyingi za bei nafuu MX huelekeza kwenye jina lenyewe la domeini, kwa hiyo siku unapobadilisha rekodi A ya tovuti, barua pepe nazo huhama bila kuombwa. Dawa yake ni kutengeneza kwanza jina la pekee, kama mail.mteja.example, lenye anwani ya seva ya zamani, kisha kuielekeza MX kwenye jina hilo. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya kuhama, na utume barua ya majaribio kutoka nje.

Onyo kwa wale ambao DNS yao inatunzwa na kampuni wanayoiacha: siku akaunti itakapofungwa, rekodi zote zitafutika pamoja nayo. Hamisha DNS kwanza, peke yake, ukinakili rekodi zilezile zikiwa bado zinaelekeza kwenye seva ya zamani, kisha badilisha majina ya seva za DNS kwa msajili na usubiri. Kwa domeini za .com, taarifa hiyo hukaa kwenye kumbukumbu za mitandao hadi sekunde 172800, yaani saa 48. Kama domeini ina DNSSEC (sahihi za kidijitali zinazothibitisha majibu ya DNS), ondoa rekodi ya DS kwa msajili na uipe muda wa kusahaulika kabla ya kubadilisha. Vinginevyo mitandao inayokagua sahihi hizo itaikataa domeini nzima, tovuti na barua kwa pamoja.

Umefaulu ikiwa seva za DNS za zamani na mpya zinatoa majibu yaleyale kwa kila jina lililo kwenye jedwali lako.

## Hatua ya 2: Punguza TTL, kisha subiri

TTL ni idadi ya sekunde ambazo mtandao wa mgeni unaruhusiwa kukumbuka anwani kabla ya kuuliza tena. Thamani ya 86400 ni saa 24 kamili. Ishushe hadi 300, yaani dakika tano, kwa rekodi A na AAAA.

Wengi hushusha TTL saa mbili kabla ya kuhama na kudhani wamemaliza. Mtandao uliouliza anwani asubuhi, TTL ikiwa bado 86400, utaikumbuka hadi kesho asubuhi, kwa kuwa haujui kwamba umebadilisha chochote. Ndiyo maana unatakiwa kusubiri muda wote wa TTL ya zamani uishe baada ya kuishusha. Mimi husubiri siku mbili.

Umefaulu ikiwa amri ifuatayo, ukiitekeleza kupitia laini zako mbili za intaneti, inaonyesha namba isiyozidi 300:

`dig mteja.example A`

## Hatua ya 3: Nakili mafaili kutoka seva hadi seva

Usipakue tovuti ya gigabaiti nane hadi kwenye laptopu yako katika mitaa ya Kenya au Katuba hapa Lubumbashi na kuipakia tena. Utalipia data mara mbili, na umeme ukikatika ukiwa umefika asilimia tisini utaanza upya. Acha seva hizo mbili zizungumze zenyewe. Wewe toa amri tu.

Ingia kwenye seva mpya, na kabla ya jambo lolote fungua tmux au screen. Programu hizi huacha kazi iendelee kwenye seva hata kama muunganisho wako umekatika. Umeme ukirudi, unaingia tena na kuikuta kazi imefika mbali au imekwisha. Kisha:

`rsync -avz mtumiaji@seva-ya-zamani:/home/mteja/public_html/ /home/mteja/public_html/`

Angalia mkwaju (/) ulio mwishoni mwa njia ya kwanza. Ukiwepo, unanakili vilivyomo ndani ya folda; usipokuwepo, unapata folda public_html ndani ya public_html nyingine, na tovuti haitafunguka. Uzuri wa rsync ni kwamba ukiirudia, inabeba yaliyobadilika tu. Usiku wa kuhama itachukua dakika badala ya saa.

Kama huna SSH, tengeneza nakala kamili kwenye paneli ya zamani, kisha iamuru seva mpya iivute moja kwa moja. Ukilazimika kuliweka faili hilo kwenye folda ya wazi, lifute mara tu linapofika, kwa sababu lina maneno yote ya siri ya mteja.

## Hatua ya 4: Hifadhidata na herufi zenye alama

Toa nakala ya hifadhidata kwa mysqldump ukitumia chaguo la `--single-transaction`, ambalo huchukua picha ya wakati mmoja bila kuyafunga majedwali. Chaguo hilo linafaa kwa majedwali ya InnoDB tu. Majedwali ya zamani ya MyISAM hayalindwi nalo, hivyo yatazame kwanza. Ongeza pia `--default-character-set=utf8mb4`.

Kwa nini ninasisitiza aina ya herufi? Kwa sababu tovuti nyingi za hapa kwetu zimeandikwa kwa Kifaransa, na kosa la herufi hujionyesha hapo kabla ya mahali pengine popote. Fungua ukurasa wowote kwenye seva mpya na utafute herufi é. Ukiona Ã© mahali pake, nakala ilisomwa kwa aina isiyo yake. Futa hifadhidata hiyo mpya na uingize upya. Usithubutu kurekebisha maneno kwa mkono, moja baada ya jingine. Nimemwona kijana akifanya hivyo kwa wiki nzima.

Baada ya kuingiza, badilisha jina la hifadhidata, mtumiaji na neno la siri kwenye faili la mipangilio. Kwa WordPress faili hilo ni wp-config.php. Umefaulu ikiwa idadi ya mistari katika majedwali makubwa inalingana pande zote mbili.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa jina halisi, na mgeni yeyote asijue

Kampuni nyingi hutoa anwani ya muda ya kutazamia tovuti mpya. Usiitumie kwa WordPress. WordPress huandika anwani yake ndani ya hifadhidata, na ukiifungua kwa anwani ya muda inaweza kukurudisha kimyakimya kwenye domeini halisi, yaani kwenye seva ya zamani. Utabofya kurasa hamsini, zote zitafunguka, na utakuwa umeikagua tovuti isiyohitaji kukaguliwa.

Badala yake, idanganye kompyuta yako peke yake. Fungua faili la hosts, lililopo `/etc/hosts` kwenye Linux na Mac, au `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts` kwenye Windows, na uongeze mstari mmoja:

`203.0.113.20 mteja.example www.mteja.example`

Weka anwani ya seva yako mpya mahali pa hiyo ya mfano. Sasa wewe unaona tovuti mpya kwa jina lake halisi, na dunia nzima bado inaona ya zamani.

Ili usibaki na shaka, weka faili dogo liitwalo alama.txt katika kila seva: kwenye ya zamani andika «zamani», kwenye mpya andika «mpya». Kabla ya kila jaribio fungua mteja.example/alama.txt. Neno moja hilo limeniokolea usingizi kuliko programu yoyote niliyowahi kuinunua.

Kisha jaribu kama mnunuzi: tafuta bidhaa, iweke kwenye kikapu, jaza fomu, pakia picha, ingia na utoke. Ikiwa tovuti inapokea malipo, itie kwanza katika hali ya majaribio, usije ukamtoza mtu kweli. Picha zisipopakiwa, mara nyingi tatizo ni mmiliki wa folda au ruhusa zake. Kwa kawaida folda huwa 755 na mafaili 644. Usiweke 777 ili «ipite tu», kwa maana ruhusa hiyo inamfungulia kila mtumiaji wa seva hiyo.

## Hatua ya 6: Cheti cha SSL kiwe tayari kabla

Cheti cha SSL ndicho kinachoiwezesha tovuti kufunguka kwa https. Njia ya kawaida ya kupata cheti cha Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, huikagua domeini kwa kufungua faili kupitia poti ya 80, na kabla hujabadilisha DNS ukaguzi huo utaishia kwenye seva ya zamani na kushindwa. Una njia mbili. Unaweza kunakili cheti kilichopo pamoja na ufunguo wake wa siri, au kuomba kipya kwa kuthibitisha umiliki kwa rekodi ya TXT iitwayo `_acme-challenge`.

Anayesema atakishughulikia cheti baada ya kuhama hajakutana na HSTS. Kwa HSTS tovuti huwaamuru wageni watumie https pekee, na cheti kikikosekana kivinjari hakitawapa hata kitufe cha kuendelea. Watakutana na ukurasa wa onyo na kuondoka.

## Barua pepe: jambo linalosahaulika kuliko yote

Ikiwezekana, zihamishe barua pepe siku nyingine. Usiku huu ziache zilipo, ila fanya mambo mawili.

Kwanza, iambie seva mpya kwamba barua za domeini hii zinatunzwa kwingine. Paneli nyingi, ukishaongeza domeini, hujiona kuwa ndizo posta yake. Matokeo yake ni kwamba fomu ya mawasiliano inayotuma barua kwa info@ ya domeini hiyohiyo haitoki nje kabisa; seva inaiweka ndani yake, katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua, na haitoi hitilafu yoyote. Tafuta mpangilio wa njia ya barua katika paneli na uchague kwamba posta iko kwenye seva nyingine.

Pili, ongeza anwani ya seva mpya kwenye rekodi ya SPF (inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za domeini), la sivyo barua zinazotumwa na tovuti zitaangukia kwenye takataka. Iongeze ndani ya rekodi iliyopo, kwa sababu domeini yenye rekodi mbili za SPF huhesabiwa kuwa na kosa.

## Hatua ya 7: Usiku wa kuhama

Chagua saa kwa kusoma logi za seva (kumbukumbu za maombi yote yaliyoingia), usitumie mazoea. Kwa tovuti nyingi ninazozitunza, saa nne usiku ya Lubumbashi panakuwa kimya, lakini kumbuka kwamba Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Epuka Ijumaa, maana Jumamosi hutampata mtu wa kukusaidia, na epuka mwisho wa mwezi kwa kampuni zinazolipa mishahara kupitia mfumo wao.

Fuata mpangilio huu bila kuubadilisha:

1. Funga uandishi kwenye tovuti ya zamani. Kurasa ziendelee kusomeka, lakini kikapu, maoni na dashibodi vifungwe. Weka mstari unaotaja namba ya simu ya duka. Huu ndio ukimya pekee ambao mteja anaulipa, na ukijipanga hauzidi dakika kumi na tano.
2. Simamisha kazi za ratiba kwenye seva ya zamani, ili wateja wasipokee vikumbusho mara mbili. Unapoziandika upya, angalia saa ya seva mpya: ikiwa imewekwa UTC, iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa mbili, na kazi iliyoandikwa 20:00 itaanza saa nne usiku kwetu.
3. Rudia rsync ukiongeza `--exclude=alama.txt --exclude=wp-config.php`, ili mafaili hayo ya seva mpya yasifunikwe na ya zamani, kisha toa na uingize hifadhidata mara ya mwisho. Chaguo la `--delete` hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza, kwa hiyo ukikosea mwelekeo unafuta tovuti hai; lijaribu kwanza kwa `--dry-run`.
4. Geuza seva ya zamani iwe bomba. Kama una mamlaka kamili juu yake, iamuru nginx (programu ya seva ya tovuti) ipeleke kila ombi kwenye seva mpya ikilihifadhi jina la domeini. Tangu dakika hiyo hata mgeni mwenye anwani ya zamani anafikishwa kwenye seva mpya, na DNS inaweza kujisambaza kwa mwendo wake. Iruhusu anwani ya seva ya zamani katika ukuta wa usalama wa seva mpya, maana maombi mengi kutoka anwani moja hufanana na shambulio.
5. Badilisha rekodi A na AAAA.
6. Fungua uandishi kwenye seva mpya na ufute mstari wako kwenye faili la hosts.

Katika hostingi ya pamoja, bomba la namba 4 katika orodha hii kwa kawaida haliwezekani. Hapo iache tovuti ya zamani ikiwa imefungwa uandishi hadi logi zake zitulie. Wageni wachache watasoma bila kuweza kuagiza kwa muda, na hilo ni afadhali kuliko oda iliyopotelea kusikojulikana.

Kabla ya kuanza, amua pia mahali pa kurudi nyuma. Hadi uandishi unapofunguliwa kwenye seva mpya, kurudi ni kuondoa bomba, kurudisha rekodi na kufungua tena uandishi wa seva ya zamani tu. Baada ya oda ya kwanza kuingia huko, kurudi kunamaanisha kubeba data upande wa pili, na wakati huo ni bora kutengeneza kilichoharibika ukiwa hukohuko.

Umefaulu ikiwa alama.txt inaonyesha «mpya» kupitia Vodacom, Airtel na Orange, kila moja kwa simu yake, na oda moja ya kweli uliyoiweka mwenyewe imefika kwenye dashibodi na kwenye barua pepe ya mteja.

## Hatua ya 8: Kaa na seva ya zamani, kisha ifunge

Iache seva ya zamani ikiwa hai kwa siku kumi na nne. Kila asubuhi tazama logi zake. Siku ya kwanza utaona wageni wa kweli. Baadaye hubaki roboti peke yake. Ukimwona mtu yuleyule anarudi kila siku baada ya wiki, kuna mahali anwani ya zamani iliandikwa kwa mkono. Niliwahi kuikuta kwenye kompyuta moja ya ofisi ya wakala wa forodha Kasumbalesa, ndani ya faili la hosts, na aliyeiandika alikuwa ni mimi, wakati wa majaribio.

Baada ya saa 48 za utulivu rudisha TTL kwenye 3600 au zaidi. Hakikisha kwamba cheti kinajihuisha chenyewe kwenye seva mpya na kwamba nakala za akiba zinatengenezwa kweli. Fungua moja uone kilichomo ndani. Kama barua pepe bado ziko kwenye seva ya zamani, zihamishe sasa kwa programu ya imapsync, ukiirudia mara ya pili baada ya kubadilisha MX ili ibebe barua zilizochelewa.

Kisha chukua nakala ya mwisho ya seva ya zamani na uihifadhi nje ya kampuni zote mbili.

Kabla ya kubofya kitufe cha kufunga akaunti, soma fakture ya mwisho mstari kwa mstari. Kampuni nyingi huuza hostingi na domeini katika kifurushi kimoja, na anayefuta kifurushi anaweza kuwa amefuta pia uandikishaji wa jina la mteja. Ukikuta domeini imo humo, ihamishie kwanza kwa msajili mwingine, ukikumbuka kwamba domeini kama .com iliyosajiliwa au kuhamishwa karibuni hairuhusiwi kuhama tena kabla ya siku 60. Kama siku hizo hazijatimia, lipia mwezi mwingine wa akaunti ya zamani na uandike tarehe hiyo kwenye jedwali lako.